Wimbo Mbaya Kuliko Zote za Pwani Kavu

Rahaleo, Mtwara
6 Oktoba 2024

Shemeji Asadi,

Salaam. Ningefuata adabu ningeandika kwamba huku sote wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Lakini sitaki kuanza na uongo, maana mwisho wa barua hii nitakuomba uongo, na mmoja unatosha.

Simu yako haipatikani tangu Agosti. Innocent, katibu wa mashabiki wenu, ameniambia uliivunja laini baada ya watu kukutukana kwenye kundi, na kwamba sasa uko Nanyamba kwenye ghala la korosho. Yeye ndiye aliyezungumza na konda wa basi la huko ili barua zifike. Utanisamehe mwandiko.

Bwanaheri anaumwa. Unakumbuka ile Siku ya Mizani alitoka ukumbini bila viatu. Yeye akipiga gitaa huvua viatu ili azisikie zile pedali zake kwa unyayo. Uliposema ulichosema na watu wakacheka, aliweka gitaa chini akatoka vilevile, akatembea pekupeku kutoka Chikongola mpaka hapa nyumbani. Njiani alikanyaga chupa. Kwa ile sukari yake hakuhisi kitu. Mimi ndiye niliyeona damu sakafuni kesho yake.

Sasa mguu wa kulia umeoza. Nalitumia neno hilo kwa sababu ndilo alilotumia daktari. Wanataka kuukata chini ya goti kabla sumu haijapanda, na anatakiwa aweke sahihi. Hataki. Nikimsihi anageukia ukutani na kuniambia, "Dada, mguu wenyewe wa nini? Nikawapigie watu wimbo mbaya kuliko zote?"

Hayo ni maneno yako, Asadi. Ameyameza na hayatoki.

Mimi nyimbo za Pwani Kavu, hiyo bendi yake, sizielewi, hilo mnalijua. Wimbo unaanza baada ya Alasiri, Magharibi inaadhiniwa bado haujaisha, na humo katikati ngoma zimebadilika mara tano na hakuna hata mtu mmoja aliyecheza. Ila najua kwamba miaka yote uliyoishi na marehemu Zulfa, wewe na kaka yake mlikuwa mnachambana juu ya nyimbo hizo na mnapendana. Nakuomba jambo moja. Mwandikie. Mwambie "Pazia la Kijani" si wimbo mbaya, mwambie ulikosea, hata mstari mmoja. Tulikuwa watatu kwa mama yetu. Zulfa tumemzika Februari. Sitaki kubaki peke yangu.

Dada yako,
Saumu


Nanyamba
9 Oktoba 2024

Dada Saumu,

Shikamoo. Barua niliipokea ghalani mbele ya watu, nikajifanya ni mambo ya ofisi. Baadaye nilikaa juu ya magunia nikawa sijui niiweke wapi mikono yangu. Habari ya chupa sikuijua. Hakuna aliyeniambia, na naapa ningejua ningekuja siku ileile.

Lakini unaniomba kitu kigumu, na nitajaribu kukueleza.

Siku ya Mizani ina sheria moja. Mashabiki wote, Wakavu kama tunavyojiita, tunakaa ukumbini, bendi inapiga, tunabishana, halafu wimbo mmoja unavishwa taji na mmoja unatupwa jalalani. Anayesimama kusema husema anachokiamini. Msemaji wa jalala nimekuwa mimi tangu mwanzo, kwa sababu mtunzi ni shemeji yangu na shemeji ana ruhusa. "Bomba Linapita Uwani" nilisema ni dakika kumi na moja za mtu anayetafuta funguo za nyumba. Bwanaheri alicheka mpaka akakaa chini, na mwaka uliofuata akaupunguza. "Mlango wa Ruvuma", anaoufia Innocent, nilisema una maji mengi na samaki mmoja. Msemaji wa taji alikuwa Zulfa. Kwake taji halikutoka kwa "Mikoko Inatembea", na kweli ule ni wimbo. Besi inaingia kidogokidogo kama maji yanavyojaa, ukishtuka umeshalowa magoti. Tukirudi nyumbani tulikuwa tunaendelea kubishana hadi wali unapoa.

Sasa hiyo "Pazia la Kijani". Sehemu ya kwanza ni nzuri. Ya pili, zile ngoma za sindimba zinavyopishana na gitaa, sijasikia bendi nyingine ikithubutu. Halafu inakuja sehemu ya tatu. Ngoma zinanyamaza, besi inanyamaza, Bwanaheri peke yake anapiga sauti mbili, juu, chini, juu, chini, kwa muda mrefu mno, na hakuna kinachotokea. Ule ni mwisho mbaya, na wimbo wenye mwisho mbaya ni mbaya wote. Nikimwandikia kinyume chake atajua. Masikio yake hayadanganyiki.

Mwambie akubali mguu ukatwe. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Asadi


Rahaleo
12 Oktoba 2024

Asadi,

Nimekuandikia habari za mguu, wewe umenijibu habari za besi.

Unasema shemeji ana ruhusa. Anayo, nani kakataa. Siku ya maziko watani walikuja wakatuibia sufuria nzima ya pilau, mmoja akalala pale kaburini akisema hatoki mpaka tumlipe, tukacheka huku tunalia. Walikuwa na haki yao na tuliwapa. Lakini Agosti ile wewe ulisimama mbele za watu, wimbo wenyewe umetungwa kwa ajili ya Zulfa, mkeo, ukasema sehemu ya tatu ni mbaya kiasi kwamba hata maiti angeinuka aombe wabadilishe. Siku hiyo hukuwa mtani. Ulikuwa mfiwa pamoja na sisi, na mfiwa hatanii. Bwanaheri alielewa kwamba unatutangazia, mke amekufa na ushemeji umekwenda naye. Hata mimi nilielewa hivyo. Niliona aibu kukuandikia "Shemeji" kwenye ile barua ya kwanza, nikaandika tu kwa kuwa nina shida.

Leo harufu imefika sebuleni. Nachoma udi ili asijue kwamba tunaisikia, na yeye anajua. Daktari ameniambia wazi kwamba akiendelea kukataa, mwezi huu haumalizi.

Ndugu yangu anakufa kwa sababu ya wimbo, nawe unayalinda masikio yake yasidanganywe.

Andika. Danganya. Dhambi yake nitaibeba mimi.

Saumu


Bandarini, Mtwara
14 Oktoba 2024

Kaka Asadi,

Za masiku. Ni Innocent hapa, nakuandikia nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, karatasi imeshika grisi kidogo.

Kaka, jana niliitisha kikao cha Wakavu. Niliwaambia hali ya Bwanaheri ilivyo, nikapendekeza tubatilishe matokeo ya Agosti. Tuutoe ule wimbo jalalani tuuvishe taji, tumpelekee habari kitandani. Mimi mtu wa bara nilidhani jambo dogo. Aisee. Watu nusura wapigane. Wapo waliosema uhai wa mtu kwanza, na mimi nimo. Lakini wale wa nyuma, unawajua, walisema taji halitolewi kama dawa, na kwamba hata mtunzi mwenyewe akiwa na akili zake atalikataa. Mmoja akaleta hoja kwamba "Pazia" ikitoka jalalani, basi "Bomba" irudishwe humo. Kikao kikaishia kwenye "Bomba". Nimetoka pale na hasira, na aibu juu, maana na mimi nilijikuta nabishana kuhusu "Bomba".

Kwa hiyo sisi tumeshindwa. Ulisema wewe, futa wewe. Nilikwenda kumwona jana jioni. Amekonda, kaka. Hakuniuliza habari ya bendi hata mara moja.

Mdogo wako,
Innocent


Nanyamba
16 Oktoba 2024

Ndugu Bwanaheri,

Assalamu alaykum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiendelea vizuri na matibabu.

Dhumuni la kukuandikia ni kukujulisha kwamba baada ya kutafakari kwa kina nimetambua kuwa maneno niliyoyasema mwezi Agosti hayakuwa sahihi. Wimbo wa "Pazia la Kijani" ni wimbo bora kuliko zote mlizowahi kutunga. Sehemu ya tatu hasa ina utulivu unaogusa moyo wa kila msikilizaji. Wewe ni mtunzi mkubwa, na bendi yako imeupatia heshima mkoa wetu. Sisi mashabiki tunajivunia kuishi zama moja na wewe.

Tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu akujalie wepesi. Tafadhali wasikilize madaktari.

Ni mimi akupendaye,
Asadi


Rahaleo
19 Oktoba 2024

Shemeji,

Nimekosea. Lawama zote nipe mimi, na zikishanifika unisaidie.

Nilimsomea ile barua nikiwa na furaha. Nilidhani nimeleta dawa. Akaniambia nisome tena. Halafu akauliza, "Kaandika Asadi? Kwa mkono wake?" Nikamwonyesha. Akasema, "Basi nimekwisha. Asadi hajanisifu tangu nimjue. Siku ya harusi yake alisimama akanishukuru kwa kumpa mke, kisha akawaambia wageni kwamba sauti yangu inafaa kufukuzia nguruwe kwenye mihogo. Leo mimi ni mtunzi mkubwa. Kasikia nakufa, kaniandikia ya matangani."

Tangu hapo hataki uji. Sindano ya sukari anaukwepesha mkono. Jana alimwita Innocent akaanza kugawa vyombo, gitaa liende kwa nani, spika zirudi wapi. Innocent alitoka nje akasimama uani ameshika kichwa.

Sasa ndiyo naelewa. Kimya chako alikichukulia kuwa ni hasira, na kwenye hasira mtu anaweza kuishi. Hizi sifa amezipokea kama sanda.

Asadi, mtukane. Sijui nilisemeje ombi hili nisionekane nimerukwa na akili. Mtukane kama mlivyokuwa mkitukanana hapa barazani, Zulfa yuko jikoni anawacheka. Tukana wimbo, tukana mguu, nitukane hata mimi ukitaka. Ila upesi. Macho yake yameanza kuwa ya njano.

Saumu


Nanyamba
21 Oktoba 2024

We Bwanaheri,

Nilidanganya. Dada yako alinibembeleza, na mimi kwa ujinga wangu nikakubali. Ile barua isahau, niliiandika kama afisa mtendaji anayemkaribisha mgeni rasmi.

Wimbo wako ni mbaya. Ni mbaya tangu Agosti, na kulala kwako kitandani hakujaurekebisha. Shida yako wewe hujui kumaliza. "Tikiti ya Kurudi" ina miisho minne, watu wanapiga makofi, nyinyi mnaanza upya, wale waliokwishanyanyuka wanabaki wamesimama kama wanaotafuta choo. Na "Bomba" lile, nasikia Wakavu wamelikalia kikao kizima. Wewe unaoza, wao wanajadili "Bomba". Hao ndio mashabiki uliowalea.

Kuhusu mguu. Najua unalia moyoni kwamba bila mguu wa kulia hutaweza pedali. Bwana wee, hata ulipokuwa nao ulikuwa unazikanyaga kama mtu anayeua mende. Ukitoka huo pengine ndiyo kwanza tutasikia muziki. Na usidhani ukifa tutakupigia "Pazia la Kijani" matangani. Tutaweka taarabu, tena ile ya vijembe, na wewe upo pale umelala huwezi kuzima.

Nilikusudia kuishia hapo. Barua ingekuwa nzuri. Lakini nimechoka, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Agosti.

Ile sehemu ya tatu. Wenzangu ukumbini walisikia sauti mbili tu. Mimi nilimsikia Zulfa anapumua. Nilimtambua kabla hujafika mbali. Juu, chini. Ilikuwa asubuhi yake ya mwisho, nyuma ya lile pazia la wodini, mimi na yeye. Ni kitu pekee nilichobaki nacho ambacho nilidhani hakuna mtu mwingine anacho. Sikumwambia mama yangu, sikumwambia dada yako. Kisha nakaa kwenye kiti cha plastiki naletewa kupitia spika, watu wanakunywa soda, mmoja nyuma yangu anauliza hiki kitaisha lini. Nilitaka kupiga yowe. Badala yake nilisimama nikafanya nilichozoea kufanya nikisimama pale. Nikatania. Lile neno la maiti lilitoka kabla sijaliangalia.

Umeniibia, Bwanaheri. Na ulipokwisha kuiba, umekosea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Zulfa hakupumua vile, sawasawa, bila kupumzika, kama pampu ya kisima. Mtu akichukua kitu cha mwenzake angalau akiweke kilivyokuwa.

Kwa hiyo inuka, ukatwe huo mguu, uje uirekebishe sehemu ya tatu au uifute kabisa. Ukifa ukaniachia ikiwa vilevile, sikusamehe.

Asadi


Rahaleo
24 Oktoba 2024

Asadi,

Naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Dada alitaka nitaje yeye aandike. Nikamkatalia, atalia kwenye karatasi wino uchuruzike.

Nianze na mende. Wewe unayezungumzia miguu yangu hujawahi kupiga makofi kwenye mdundo hata siku moja. Zulfa alikuwa anakushika mikono ukumbini ili usiwapoteze wapiga ngoma. Na taarabu matangani kwangu ukiweka, nitainuka kweli. Dada aliponisomea hapo nilicheka hadi nikatapika, yeye akadhani ndiyo roho inatoka, akaanza kuita majirani. Jirani mmoja amefika na jeki ya gari, hajui kaja kufanya nini. Nimekunywa uji. Hiyo umeipata.

Lakini umeniita mwizi, na hapo uyasome maneno yangu taratibu.

Mimi sikuisikia pumzi ya Zulfa.

Nilikuwa nje. Walisema abaki mtu mmoja, ukabaki wewe, ilikuwa haki yako na sikubisha. Nilikaa kwenye benchi la korido. Wakavuta pazia. Nilikuwa naona lile pazia la kijani, na chini yake viatu vyako. Basi. Feni ilikuwa inakwaruza, sikusikia kitu. Unadhani wimbo unaitwa hivyo kwa nini? Nimeuita jina la kitu nilichokiona, sikuona kingine. Ulipotoka ulisema "Tayari" ukanipita. Mpaka leo, Asadi, habari yote niliyonayo ya kifo cha mdogo wangu ni hiyo. Tayari.

Nilikuuliza matangani ukaniambia baadaye. Nilikuuliza kwenye arobaini, ukanigeuzia maneno ukaanza "Mikoko Inatembea". Nikaogopa kukuuliza mara ya tatu, nikakaa na gitaa. Nilijua tu kwamba alikuwa anapumua, na kwamba iliisha. Nikatafuta sauti mbili, nikazipiga kwa kadiri nilivyokaa kwenye lile benchi. Nilizipiga sawasawa kwa kuwa sikujua zilikuwaje. Nilidhani ukizisikia utakuja nyuma ya jukwaa uniambie, hapana bwana, haikuwa hivyo, ilikuwa hivi. Ule wimbo wote nimeutunga kukuuliza swali moja. Nawe ukanijibu mbele ya watu.

Sasa unataka nirekebishe. Nirekebishe kwa kitu gani nilicho nacho?

Daktari amenipa Jumatatu asubuhi. Nikikubali, Jumapili jioni wananilaza. Karatasi ya sahihi iko hapa chini ya mto. Homa inanichukua na kunirudisha, dada anasema kuna saa nazungumza na watu ambao hawapo, ndiyo maana nakuandikia sasa hivi nikiwa na akili zangu. Sitaki sifa. Na matusi yametosha, asante. Niambie alikufaje. Nikishajua, nitaona kama nina kazi ya kufanya huku juu.

Bwanaheri


Nanyamba
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Bwanaheri,

Barua hii naibeba mwenyewe. Basi linaondoka baada ya Adhuhuri na nimeshapata kiti. Ningeweza kuja nikakueleza kwa mdomo, lakini najijua, nikikuona tu nitaanza kukutania. Kwa hiyo naandika hapahapa ghalani, nitampa dada Saumu akusomee, na mimi nitakaa barazani mpaka amalize.

Sikujua kwamba hukusikia. Tangu ule wimbo nilidhani mlisikia wote. Kwangu mimi ile wodi nzima ilikuwa inapumua, nikadhani hakuna mtu Mtwara ambaye hajasikia. Miezi yote hii nimekuwa nikikuona mtu anayenilazimisha nirudie kitu ambacho naye alikuwepo kikitokea.

Aliamka kumepambazuka. Aliuliza nani yuko nje. Nikamwambia Bwanaheri. Akasema, "Mwambie aende akale." Huo ulikuwa ujumbe wako na sikukupa. Niliahirisha kwa dakika moja, halafu nikapita mbele yako nikasema lile neno moja.

Alisema mkono una baridi, nikaufunika kwa khanga yake. Muuguzi alikuja akamgusa, akaniangalia, akavuta pazia vizuri. Nikaanza kumtamkisha shahada. Midomo yake ilifuata, akafika katikati, akarudia mwanzo, akafika tena. Mengine hakusema. Nimetafuta sana neno la kuwaletea nyinyi, sikulipata, na nadhani ndiyo sababu nilikuwa nakwepa. Niliona aibu kuja kwa ndugu zake mikono mitupu.

Pumzi ilikuwa hivi. Alikuwa anavuta mara moja, ndefu. Halafu hakuna kitu. Unangoja. Unajikuta na wewe umeizuia ya kwako. Halafu anaachia kwa vipande viwili, kifupi, kisha kirefu. Na kila mara kule kungoja kulizidi. Kuvuta hakukunitisha, wala kuachia. Nilichokiogopa ni hapo katikati, na hapo ndipo wewe hukupaacha hata kidogo, ulipajaza. Ukikaa tena na gitaa, uwe na moyo wa kutopiga.

Mara ya mwisho alivuta. Nikangoja. Muuguzi akanishika bega, nikamwambia subiri, bado hajaachia. Akanipa muda, akanishika tena. Nikamwambia subiri.

Hakuachia, Bwanaheri. Ndivyo alivyokufa mdogo wako.

Konda ananiita. Ningependa niandike kitu cha kukuchekesha hapa, sina. Weka sahihi. Mimi sina nguvu ya kungojea pumzi ya mtu mwingine.

Shemeji yako,
Asadi